Salongo Kwenye Ghala la Filip

Mzee Deusdedit hakuwa mtu wa kusema "nadhani." Alisema "ninajua," na kama hajui alinyamaza, akaenda kutafuta, kisha akarudi na jambo lile akilisema kana kwamba amezaliwa nalo. Kwao ni Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, lakini mtaa wa Rågsved, kusini mwa Stockholm, alikuwa ameukaa miaka mingi kuliko aliyoikaa Uvira. Katika miaka hiyo mchana alisafisha mabasi na jioni alisoma. Alianza na Kiswidi, akaenda hesabu, akaenda historia. Alipostaafu, wenzake wakadhani sasa atapumzika mbele ya televisheni. Yeye akajiandikisha darasa la jioni la watu wanaojifunza majengo ya zamani ya mashambani. Darasa lote lilikuwa la wastaafu wa Kiswidi, na yeye peke yake aliyekuja amevaa tai.

Huko ndiko alikolipatia ghala la Filip. Darasa lilipelekwa siku moja kutembelea shamba nje kidogo ya Upplands Väsby, mahali ambapo ndege za Arlanda hupita chini hata unaona magurudumu yake. Filip, mwenye shamba, ni mtu wa makamo, mkimya, mwenye viganja vipana. Ng'ombe aliwauza zamani. Mashamba yake anayakodisha kwa jirani mwenye mashine kubwa. Ghala lilikuwa limebaki peke yake mwisho wa uwanja, jekundu, refu, likiwa na paa la vigae lililobonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.

Wenzake walipiga picha wakaenda kunywa kahawa. Mzee Deusdedit alibaki ndani. Katikati palikuwa na sakafu pana ya mbao nene, mahali ambapo zamani watu walipura nafaka majira ya baridi kwa fimbo zenye kichwa kinachoning'inia, wakipokezana mapigo ili mtu asimpige mwenzake kichwani. Huku na huku palikuwa na vyumba viwili virefu vya kuwekea majani makavu ya mifugo, kuta zake za magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine na kupandana kwenye kona, bila msumari hata mmoja. Alipiga makofi mara moja, kujaribu tu. Sauti ilikwenda juu kwenye mihimili, ikarudi imenenepa.

Akafikiria kwaya.

Kwaya ya kanisa lao ilikuwa haina pa kuimbia. Ukumbi waliokuwa wakiutumia kule Vårby gård ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, na majirani wa ukumbi mwingine walikuwa wamelalamikia ngoma. Walikuwa wakifanyia mazoezi sebuleni kwa watu, sauti ya nne imekaa jikoni. Mama Léontine, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameanza kusema kwamba ikiwa mambo ni haya, afadhali kwaya ivunjwe, kila mtu akaimbe bafuni kwake. Alisema kwa utani, lakini watu watatu walikuwa wameshaacha kuja.

Siku hiyohiyo Mzee Deusdedit alimwendea Filip na kumwambia anachotaka. Filip alimsikiliza, kisha akamwambia ukweli. Kuna mtu wa mgahawa mjini anayetaka kuyanunua magogo yale, ayapeleke akapambie kuta. Yeye mwenyewe hajaamua.

"Tupe sisi majira haya ya joto," Mzee Deusdedit alimwambia kwa Kiswidi chake kilichonyooka. "Tutalisafisha. Tutalitunza. Kwaya itaimba humo ndani, na jengo litakuwa na kazi. Jengo lisilo na kazi linakufa, wewe unajua."

Filip alikuna kidevu. "Lisafisheni kwanza," akasema. "Jumamosi jioni nitakuja kutazama. Nikiridhika, tutazungumza. Nisiporidhika, nampigia yule mtu wa mgahawa."

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Deusdedit alisimama mbele ya watu akalieleza ghala. Alieleza vizuri mno. Alianza na zama ambazo Waswidi walijenga kwa magogo mazima, akafika kwenye sehemu zenye uhaba wa miti mikubwa, ambako walisimamisha nguzo zenye mifereji na kuchomeka mbao fupifupi katikati yake. Akaeleza jinsi serikali ilivyovunja vijiji vya zamani ili kila mkulima apate mashamba yake mahali pamoja, na jinsi watu walivyobomoa nyumba na maghala yao gogo kwa gogo, wakachonga alama kwenye kila gogo, wakayapakia kwenye mikokoteni na kuyajenga tena kwingine, vilevile yalivyokuwa. Akaeleza rangi nyekundu inayotokana na udongo wa machimbo ya shaba, na kupikwa na unga. Akaeleza ujio wa misumari ya kiwandani, kisha mbao za kusimama, kisha mashine za kupura zilizoinyang'anya sakafu kazi yake. Watoto walilala. Josephine, Mkenya wa sauti ya pili, alikuwa akiandika kwa bidii, lakini ilikuwa orodha ya vyakula.

Mzee aliona watu wanachoka. Akafunga kwa maneno ambayo yeye mwenyewe aliyaona mazuri.

"Kwa kifupi, ndugu zangu, ghala hili ni nyumba yetu. Lihudumieni kama mnavyoihudumia nyumba ya mama zenu kule nyumbani."

Hapo wote waliamka wakapiga makofi. Hilo moja walilishika.

Siku ya kazi waliiita salongo, kama kule Congo. Kule salongo ilikuwa amri: siku imepangwa, kila mtu atoke na jembe lake na fagio lake, barabara ifagiliwe, mtaro uzibuliwe, na asiyetoka anatafutwa. Huku hakuna wa kumtafuta mtu. Watu walikuja kwa hiari, na kwa kuwa ni hiari, walikuja na vyakula. Mzee Deusdedit asubuhi ile alikuwa na kikao cha mwisho cha darasa lake mjini, safari hii si jioni, ambako alitakiwa kusema machache kuhusu vihenge vya nafaka vya Kivu, na hangelikosa hilo hata angelikuwa na homa. Ufunguo alimwachia Mama Léontine.

"Fagieni ndani," alimwambia. "Toeni vyuma vibovu. Mengine nikija."

"Papa Deo, nenda ukafundishe wazungu," Mama Léontine alijibu. "Salongo nimeanza kuisimamia wakati wewe bado unajifunza kufunga tai."

Alifika alasiri, akishuka kwenye basi na kupita njia ya vumbi, koti mkononi. Tangu mbali alisikia kuimba. Moyo wake ulijaa. Aliona watu kama thelathini uwanjani, toroli linakwenda na kurudi, akina mama wamefunga vitenge juu ya suruali, sufuria za sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, na za samaki zimepangwa juu ya meza ya mbao. Ghala lilikuwa linang'aa. Milango ilikuwa wazi, sakafu imefagiwa hadi mbao zikawa nyeupe.

Ndipo akatazama chini ya ukuta.

Ghala lile lilikuwa limekaa juu ya mawe. Mawe makubwa, yaliyopangwa kwa nafasi, na gogo la chini kabisa limelala juu yake, kiasi kwamba paka anaweza kupita chini ya jengo. Asubuhi ilikuwa hivyo. Sasa mawe hayakuonekana. Kuzunguka ukuta wote wa mbele watu walikuwa wamelundika udongo, wakaushindilia kwa miguu na migongo ya makoleo, wakaulainisha kwa maji hadi ukawa kama kibaraza, safi, umenyooka, umepanda mpaka gogo la pili. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa ndiyo kazi ambayo mama yake mwenyewe aliifanya kila mwaka kabla ya mvua, ili maji yasile msingi wa nyumba ya udongo.

Na kwenye nafasi nyingi kati ya magogo, zile nafasi za kupitisha kidole na hata mkono, palikuwa na kitu cha manjano kimevimba kama maandazi.

"Nini hiki?" aliuliza.

Jonathan, dereva wa basi, mume wa mdogo wa marehemu mkewe, alikuja akitabasamu na kopo mkononi. Lilikuwa kopo la povu la kuzibia madirisha.

"Shemeji, umeona? Ukuta wote wa nyuma umekwisha, na huu wa mbele nusu. Nilinunua katoni nzima. Upepo hauingii hata ukiusihi."

"Nani amekwambia upepo usiingie?"

Tabasamu la Jonathan lilipungua. "Kwa ajili ya baridi, shemeji. Ukuta una matundu kama wavu. Watu waliojenga walikosa vifaa tu."

Mzee Deusdedit alilaza koti lake juu ya meza, kando ya sombe. Alilikunja kwanza. Kisha akaenda ukutani, akainama, akatia vidole kwenye udongo mbichi na kuugusa pale ulipokutana na gogo. Gogo lilikuwa limeshaanza kuchukua rangi ya maji.

"Mama Léontine," aliita bila kupaza sauti. "Simamisha wimbo."

Wimbo ulisimama. Watu walikusanyika, wakijipangusa mikono, wakisubiri kushukuriwa. Josephine alikuwa na tope mpaka magotini.

"Haya yote," Mzee Deusdedit alisema, "tunayatoa. Udongo wote. Povu lote. Leo, kabla Filip hajaja."

Wote walisema pamoja.

"Tunatoa?" Sauti ya Mama Léontine ndiyo iliyoshinda. "Papa Deo, mimi nimeinamisha mgongo huu saa hizi zote ninapiga udongo. Angalia mikono. Unakuja umevaa viatu vya kung'aa, unasema tunatoa?"

"Ninasema tunatoa."

"Ni wivu," Josephine alisema akimgeukia jirani yake. "Ati kwa sababu tumemaliza bila yeye kuhutubia."

Watu walicheka, na Mzee Deusdedit aliona kwamba kicheko kile ni cha watu waliochoka na wanaoelekea kukasirika. Angeweza kuanza na historia. Maneno yalikuwa yamejipanga kinywani tayari: gogo la chini, mawe, unyevu, kuvu, namna mti wa msonobari unavyooza ukiguswa na ardhi. Aliwatazama usoni, akayameza.

"Mama Léontine, wewe ulikulia wapi?"

"Unapajua. Fizi, kijijini kabisa."

"Kihenge cha mahindi cha mama yako kilikaa juu ya nini?"

Alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayeona mtego lakini haoni kamba. "Juu ya miti."

"Kwa nini hakikukaa chini?"

"Eh! Kikae chini ili mahindi yaoze? Unyevu unapanda. Na panya."

"Na kuta zake? Mama yako aliziziba kwa udongo pande zote, kama nyumba ya kulala?"

"Za fito, Papa. Upepo upite. Ukiziba, mahindi yanashika ukungu, unakula sumu." Alitazama ukuta. Alitazama miguu yake mwenyewe yenye tope. "Bon," alisema polepole.

"Hiki ni kihenge," Mzee Deusdedit alisema. "Kikubwa, cha Waswidi, lakini kihenge. Waliweka majani makavu humu. Majani mabichi kidogo yakizibwa yanapata joto, yanaweza kuwasha moto yenyewe. Kwa hiyo waliacha nafasi kati ya magogo kwa makusudi. Nyumba zao za kulala walizijenga kwa magogo yaleyale, lakini hizo walizikandika nafasi zake kwa majani laini ya msituni. Walijua kuziba. Hapa hawakutaka. Na mawe yale chini ni kama miti ya kihenge cha mama yako. Tumekiteremsha kihenge chini tukakikalisha matopeni."

Mwanamke mmoja nyuma aliguna. Watu walianza kuangaliana.

"Kwa hiyo ulijua yote haya," Mama Léontine alisema, na sasa hakuwa akitania. "Jumapili umetueleza mpaka watoto wamelala. Magogo, serikali, rangi, misumari. Hili moja hukulitaja. Ukasema ni nyumba. Ukasema tuihudumie kama ya mama zetu. Sisi tumefanya nini? Tumefanya ulivyosema."

Alikuwa na haki. Mzee Deusdedit aliliona hilo mara moja, kama anavyoona kosa kwenye hesabu, na hakupenda kulizunguka.

"Nilikosea," alisema. "Si nyumba. Nilitafuta neno tamu la kumalizia, na lile neno ndilo lililoleta udongo huu. Ninyi hamna kosa. Kazi mliyofanya ni nzuri, ila imefanywa kwenye jengo lisilo lake."

Alianza kukunja mikono ya shati lake jeupe. Akalegeza tai, akaivua, akaitia mfukoni. Akachukua koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akalichoma kwenye kibaraza, akatupa udongo wa kwanza kwenye toroli. Kisha wa pili. Hakutazama kama kuna anayemfuata.

"Sasa huyu atavunjika kiuno tuje tumzike," Mama Léontine alisema. "Leteni makoleo."

Udongo ulitoka haraka kuliko ulivyoingia, kwa sababu ulikuwa bado mbichi na kwa sababu watu sasa walikuwa wakishindana. Mawe yalianza kuonekana tena, moja moja. Mzee Deusdedit alipita nyuma yao na fagio la mkono, akipangusa gogo la chini mpaka hakuna hata chembe iliyobaki, kisha akawaagiza wasilimwagie maji, walikaushe kwa vitambaa. Akina mama walitoa vitenge vyao vya ziada. Josephine alisema kitenge chake hakijawahi kupangusa ukuta wa mzungu, lakini alikitoa.

Povu lilikuwa jambo jingine. Lililopigwa alasiri lilikuwa bado linanata. Ukiligusa linashika vidole, nywele, kila kitu, kwa hiyo waliliacha kwanza likauke. Lililopigwa asubuhi lilikuwa limekauka, na hilo ilibidi likatwe. Vilitolewa visu vya samaki, visu vya mkate, na kisu kimoja kirefu ambacho Mama Léontine alikuwa amekuja nacho kwa ajili ya keki. Walikata kwa uangalifu, mzee akisimamia, akirudia neno moja kila baada ya muda: "Povu. Kata povu. Usikate mti." Vipande vya manjano vilianguka nyasini kama maganda ya mayai. Jonathan alikuwa akivikusanya kwenye mifuko, uso wake umekunjamana.

Ukuta wa mbele ulipokwisha, jua lilikuwa limeshuka upande wa misonobari, ingawa majira yale halizami mpaka watu wamelala. Ukuta wa nyuma ulikuwa haujaguswa. Huko nyuma kulikuwa na upupu wa Kiswidi umefika kiunoni, ule wa majani yanayowasha, na Jonathan ndiye pekee aliyekuwa amepita humo asubuhi, na makopo yake.

Alimvuta mzee pembeni.

"Shemeji, sikiliza. Filip anakuja sasa hivi. Atapita mbele, ataingia ndani, ataona sakafu, atafurahi. Nyuma haendi mtu. Kesho mimi nitakuja peke yangu baada ya ibada, nitatoa povu lote. Nakuapia. Hatajua."

Mzee Deusdedit alikuwa akipangusa kisu kwa kitambaa.

"Atajua."

"Atajuaje?"

"Nitamwambia."

Jonathan alishika kichwa. "Mimi ndiye niliyenunua lile povu. Kama tukikosa hili ghala kwa ajili yangu, Mama Léontine atanikata na kile kisu cha keki. Kwaya nzima itaniangalia mpaka ninakufa."

"Sikiliza, shemeji. Mtu huyu hajui kama atupe jengo la babu zake ama la. Anataka kujua kitu kimoja tu: kama sisi ni watu wa kumwachia. Tukimficha ukuta, tumeshamjibu."

Gari la Filip liliingia uwanjani wakiwa bado wamesimama pale.

Alishuka, akatazama watu, akatazama sufuria, akatazama mifuko ya takataka. Alipeana mikono na waliokuwa karibu. Mama Léontine alimpa sahani ya sombe na wali kabla hajasema lolote, na Filip aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Aliingia ndani. Akatembea juu ya sakafu ile ya kupuria, akatazama juu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelegea.

"Mmefanya kazi," alisema kwa Kiswidi. "Sijaziona mbao hizi tangu nikiwa mdogo."

Watu walioelewa waliwatafsiria wasioelewa, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Mzee Deusdedit aliinua mkono.

"Kabla hujasema lingine, njoo nyuma," alimwambia Filip.

Alitangulia yeye mwenyewe ndani ya ule upupu, mikono ya shati imekunjwa, ukimuwasha, asionyeshe. Filip alimfuata na sahani yake. Nyuma yao alikuja Jonathan, kisha Mama Léontine, kisha karibu wote, wakiinua vitenge.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wote wa manjano. Kwenye nafasi pana povu lilikuwa limetoka na kuning'inia kama ulimi.

Filip aliweka sahani juu ya jiwe. Aligusa povu kwa kidole, akalibonyeza. Rangi ilimpanda shingoni.

"Nani amefanya hivi?"

Jonathan alifungua kinywa, lakini Mzee Deusdedit alikuwa ameshaanza.

"Sisi. Niliwaambia walitunze kama nyumba ya kwao, na kwao nyumba yenye upenyo ni aibu. Mbele pia tuliziba, na tulilundika udongo kwenye gogo la chini. Mbele tumetoa vyote. Nenda ukaguse, gogo limelowa kidogo upande wa mlango, si ndani. Huku tulikuwa hatujafika. Leo hatutamaliza, kwa sababu kwenye nafasi pana povu ni nene na ndani bado linanata, na ukilikata likinanata linaingia kwenye nyufa za mti. Tutangoja likauke, tutalikata kwa kisu, na mabaki tutayakwangua kwa ubao, si kwa chuma."

Alisema bila kuomba radhi mara mbili wala kuinamisha kichwa. Filip akaenda mpaka kona ya mashariki, akagawanya majani kwa mguu, akaonyesha. Hapo magogo matatu yalikuwa na rangi tofauti na mengine, mapya zaidi, kona zake zimekatwa kwa msumeno na si kwa shoka.

"Baba yangu," alisema. "Alitaka kuweka kuku hapa majira ya baridi. Akapigilia karatasi ya lami ukuta huu wote, na juu yake mabati. Babu alimwambia asifanye. Fundi alimwambia. Hakutaka kusikia. Nilipokuja kufungua mimi, ukichoma gogo kwa bisibisi inaingia kama kwenye keki. Karatasi ile ilikaa mpaka alipokufa. Hakuitoa."

Mzee Deusdedit alitikisa kichwa kukubali. Aliyaona magogo yale siku ya darasa, na alikuwa amejiuliza.

"Sisi tunatoa," alisema.

"Naona." Filip aliiokota sahani yake. Alikula kijiko kimoja cha sombe, akasimama, akala kingine. "Majira haya ya joto," alisema mwishowe. "Mpaka theluji ya kwanza. Halafu tutaona."

Mama Léontine, aliyeelewa Kiswidi chote ila alipenda kujifanya haelewi, alifumba macho na kusema jina la Yesu kwa sauti ndogo. Jonathan alikaa chini kwenye nyasi palepale, upupu na yote. Lakini Mzee Deusdedit hakuwa amemaliza.

"Miaka miwili," alisema.

Filip aliinua nyusi.

"Gogo lililolowa halionyeshi ubaya wake mwaka wa kwanza. Wewe unajua kuliko mimi. Unataka kujua kama tumelidhuru jengo lako? Basi ni lazima tuwepo linapokauka, tuwepo theluji ikiyeyuka, tuwepo mwaka unaofuata. Na paa lile linabonyea. Mihimili inataka kuinuliwa kabla vigae havijaanza kushuka. Hiyo si kazi ya msimu mmoja. Ukitupa msimu mmoja, tutafagia. Ukitupa miaka miwili, tutatengeneza."

"Na nani atainua mihimili? Wewe?"

"Mimi nitasimamia. Wapo hapa mafundi wawili wa kweli na watu wenye mabega. Na wewe utakuwepo kutuambia pale tunapokosea."

Filip alitoa pumzi puani, na wengine walishindwa kujua kama ni hasira. Mzee Deusdedit alijua. Alikuwa amefanya kazi na Waswidi muda mrefu. Hivyo ndivyo baadhi yao wanavyocheka.

"Miwili," Filip alisema. "Yule wa mgahawa atafute magogo kwingine. Lakini msitie kitu chochote ukutani bila kuniuliza. Hata msumari."

"Hata msumari."

Walipeana mikono juu ya sahani. Mama Léontine hapo hakungoja tafsiri ya mtu yeyote. Aligeuka akawafukuza watu kutoka kwenye upupu kama anafukuza mbuzi, kila mtu ndani, sauti ya kwanza kushoto, ya nne mlangoni, na asiyejua maneno afungue kinywa tu.

"Papa Deo, huji?" aliuliza kutoka konani.

"Anzeni."

Alibaki nyuma na Jonathan. Pale juu, kwenye nafasi nyembamba, palikuwa na povu la asubuhi, kavu tayari, na mtu haachi kazi iliyokauka kwa sababu kuna kazi nyingine inayonata. Alisimama juu ya jiwe, akaingiza kisu taratibu kati ya magogo mawili, akafuata mstari wa mti. Kipande kirefu kilitoka kizima. Ndani waliimba, na kupitia ule upenyo alioufungua sauti ilimjia usoni pamoja na ubaridi wa sakafu na harufu ya majani ya zamani.

"Wanaenda haraka mno," alimwambia Jonathan, akisogeza kisu kwenye upenyo uliofuata. "Nitawaambia."